Maswali Niliyomfundisha Mdogo Wangu

Kazi yangu ni kulaza watu usingizi ili madaktari wawapasue, kisha kuwaamsha. Wengi hudhani ugumu uko kwenye kulaza. Kulaza si kazi, hata pombe inalaza. Kazi ni kuhakikisha aliyelala anaendelea kuvuta pumzi, na akiwa mtoto kazi hiyo huanza mapema, kwenye benchi la korido, kwa maswali.

Maswali yangu yanajulikana. Wenzangu hunitania kwamba nilipotea njia, ningefaa kuwa polisi. Mtoto amekula saa ngapi? Amekunywa nini? Ana mafua? Alikuwa nayo wiki hizi mbili tatu? Anakohoa? Amepewa dawa yoyote, hata ya majani, hata ya dukani? Nikimaliza nayarudia kwa mpangilio mwingine, maana mama aliyetoka mbali na mtoto mgongoni hataki kurudishwa nyumbani, na asiyetaka kurudishwa hudanganya. Simlaumu. Namkamata tu.

Tena nina ujanja wangu. Mtoto anayeweza kutembea namwambia tushindane mbio mpaka mlango wa mwisho wa korido na kurudi. Kikohozi kinaweza kufichika mtoto akiwa amekaa, lakini akikimbia na kucheka hutoka chenyewe. Nikikisikia tu, siku hiyo halazwi. Koo lenye mafua halipendi kuguswa na dawa za usingizi. Linaweza kujifunga ghafla, mtoto akawa anavuta na hewa haingii. Nimeona mara chache, na sitaki kuona tena.

Nyumbani kwetu ni Chapwa, Tunduma. Anaishi mama yetu pale na mdogo wangu wa kike, pamoja na binti wa huyo mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano. Baba wa mtoto analima Msangano. Nilikuwa nikienda Chapwa siku za mapumziko, na kwa kuwa sijui kukaa kimya, niliwasimulia habari za kazini. Niliigiza sauti za akina mama wa kwenye benchi. "Hakohoi, nesi, haki ya Mungu," huku mtoto anabanja kikohozi kama mzee wa kiko. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi na kitenge. Mdogo wangu naye alicheka, kisha akauliza, "Sasa huyo angesemaje ili umkubali?" Mimi, kwa kupenda kusikilizwa, nikamjibu. Angesema mafua yalimpata miezi miwili iliyopita. Asiseme hajawahi, hakuna mtoto ambaye hajawahi. Ataje mwezi.

Mtoto wa mdogo wangu alikuwa na ngiri ya kinena. Ni uvimbe mdogo uliotokeza akilia na kurudi akitulia. Mwaka mmoja kabla, walipokuwa Msangano kuvuna mahindi, uvimbe ulitoka ukagoma kurudi. Mdogo wangu alimpakata kwenye pikipiki njia nzima, mtoto akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Daktari aliurudisha kwa mkono, akaonya kwamba ukinasa tena utumbo unaweza kuoza. Tangu hapo, mtoto akilia kidogo tu, mdogo wangu aliacha sufuria jikoni na kwenda kumvua nguo aangalie. Nayasema haya ili isionekane kwamba sikumwelewa. Nilimwelewa sana.

Kwa hiyo niliposikia kwamba madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto watakuja hospitalini kwetu Vwawa kwa siku tano, wa kwanza kumpigia simu alikuwa yeye. Alilia kwa furaha. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ile ya kwetu inayowafanya watoto wote wa Mbozi na Tunduma watembee na kamasi, nikamsisitizia amvalishe sweta, amlinde na moshi wa jikoni, na mafua yakimshika anijulishe mara moja. Akasema, "Sawa, dada."

Jumapili kabla ya upasuaji nilikwenda Chapwa. Nikauliza, mtoto yuko wapi? Mama akasema yuko kwa jirani anacheza. Nikataka aitwe. "Mwache," mama akasema, "umwite hapa aanze kulia ngiri itoke?" Nikala kande zangu. Nikawaeleza habari ya kutokula, kwamba chakula kikibaki tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu mtoto akiwa usingizini. Walinisikiliza kwa adabu kiasi kwamba niliporudi Vwawa nilijiona nina familia yenye akili.

Jumatano asubuhi walikuwa wa kwanza kwenye benchi. Mtoto alivaa sweta mbili na kofia ya sufu. Alikuwa amelegea kidogo, macho mazito. Mdogo wangu akasema waliamka mapema, usingizi haujamwisha.

Nikaanza. Amekula lini?

"Jana saa kumi na mbili jioni. Tangu hapo hata kidogo, dada."

Mafua?

"Yalimshika mwezi wa tano. Yakaisha."

Kikohozi?

"Hana."

Dawa?

"Hata panado."

Alinijibu akinitazama usoni, hakupepesa. Nikayageuza maswali, akayajibu tena bila kujikanyaga. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikawageukia wanafunzi waliokuwa nyuma yangu nikawaambia, mnaona mama aliyejiandaa?

Mtoto mwenyewe alikaa wima, midomo ameibana, machozi yakimlengalenga. Nikamuuliza kama anaogopa. Akatikisa kichwa kukubali. Nikamsikiliza kifua, mbele na nyuma, kilikuwa safi. Nikamwambia vuta pumzi kwa nguvu, akavuta nusu akaishia hapo. Nikainuka nimshike mkono tukashindane mbio. Mdogo wangu akawahi kusema, "Asikimbie, dada, ngiri itatoka." Nikaona ni kweli. Mtoto wa mtu mwingine ningemtembeza hata kwa mwendo wa kasi, ningemchekesha, ningekaa naye mpaka nisikie kifua chake kinasema nini. Huyu alikuwa wetu, na aliyekuwa akinijibu ni tumbo moja nami. Nikamwinua nikampeleka chumba cha upasuaji mwenyewe.

Upasuaji ulikwenda vizuri na haukuchukua muda. Daktari alipomaliza kushona alivua glavu akanishukuru. Nikapunguza dawa ili mtoto aanze kuamka. Ndipo akakohoa mara moja, kikohozi kizito chenye makohozi, kisha kimya. Tumbo lilikuwa linapanda na kushuka kwa nguvu, kifua kikiingia ndani, lakini sauti ya hewa hakuna. Mfuko wa kumsaidia kupumua nikaubonyeza, ukawa mgumu. Koo lilikuwa limejifunga.

Mlio wa kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hushuka kadiri oksijeni inavyoshuka, hata ukiwa umegeuka unajua. Ulikuwa unashuka. Nikainua taya lake kwa vidole vya mikono yote miwili, nikakandamiza barakoa usoni, nikaweka oksijeni peke yake, nikamwita mwenzangu anyonye makohozi. Yalitoka ya njano, mazito, ya siku nyingi. Hata katika hofu ile niliyatazama nikajua. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Nikaagiza dawa ya kulegeza koo, mwenzangu akaichoma kwenye mshipa, nikabonyeza mfuko tena. Mara hii ulikubali. Hewa ikaingia. Nikaendelea kumpumulisha, mlio ukawa unapanda polepole mpaka akarudi kupumua mwenyewe.

Nikamwacha na mwenzangu akiwa kwenye oksijeni, nikatoka. Mdogo wangu akasimama, "Amepona?"

"Umempa nini?"

"Sijampa kitu."

"Mtoto alikuwa na kikohozi. Na amelegea kuliko dawa yangu inavyolegeza. Umempa nini?"

"Haki ya baba, dada, sijampa kitu."

Baba yetu amezikwa Chapwa, hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Nikachukua kapu lake nikalimwaga pale pale korido, mbele za watu. Zikatoka nguo, kanga, thermos, na soksi ya mtoto iliyokuwa nzito. Ndani ya soksi kulikuwa na chupa. Ilikuwa dawa ile nyekundu ya kikohozi ya ng'ambo, ambayo pale kwetu mtu anavuka tu barabara upande wa Zambia anarudi nayo. Inakausha mafua, inatuliza kikohozi, na inalaza. Nilishaipiga marufuku nyumbani miaka mingi, maana inaweza kumpunguzia mtoto pumzi hata bila dawa yoyote ya hospitali. Ilikuwa imebaki kidogo chini.

"Ulimpa lini?"

"Tangu Ijumaa." Akatazama sakafu. "Na leo alfajiri. Ulisema asile, dada. Hiyo si chakula."

Ningeweza kumpiga. Sijui kwa nini sikumpiga. Alikuwa ameshika sharti la njaa kwa uaminifu kabisa, hakumpa mtoto hata tone la maji, kisha akammiminia hilo.

Mtoto alichelewa kuamka. Nilikaa kando ya kitanda chake nimeshika mkono wake, nikihesabu pumzi. Alipofungua macho, sauti yake ilikuwa inakwaruza. Alinitafuta usoni, akasema, "Mama mkubwa, sikukohoa."

"Nani alikuambia usikohoe?"

"Mama. Na bibi. Wamesema nikikohoa mbele yako utanifukuza."

Nikampigia mama simu. Nilitegemea akane. Hakukana. Alisema mtoto si ameshapona, sasa ugomvi wa nini? Nikauliza habari ya Jumapili. Akasema ndiyo, alipelekwa kwa jirani kwa sababu alikuwa anakohoa sana na mimi nina masikio. Hata jirani alijua. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwetu nakula kande, nafundisha watu habari za mapafu, na nyumba nzima na ya pili yake walikuwa wanasubiri niondoke ili mtoto arudi ndani akohoe.

Mdogo wangu alisubiri siku ya tatu, walipokuwa wanaruhusiwa kwenda nyumbani, ndipo akanifuata kwenye veranda.

"Ningekuambia ungekataa," alisema.

"Ningekataa."

"Madaktari wangeondoka. Ikinasa tena je? Wewe hukuwa kwenye ile pikipiki."

Nikamwambia ningemngoja mtoto apone mafua, kisha ningempeleka Mbeya mwenyewe, hata kwa kumbeba. Ni kweli ningefanya hivyo, lakini nilipolisema lilisikika kama neno la mtu ambaye hakuwa kwenye pikipiki. Basi nikaacha kubishana nikamuuliza kitu kimoja tu kilichokuwa kinaniwasha tangu Jumatano.

"Angekufa mikononi mwangu, ungeniambia?"

Alikunja kanga ya mtoto, akaikunjua, akaikunja tena, na hakujibu. Nikaona msiba mzima pale. Mimi nimekaa kwenye mkeka nikijiuliza dawa ipi niliizidisha, na yeye na mama wamekaa pembeni yangu, wananishika bega, wananiambia ni mapenzi ya Mungu. Chupa ingekuwa imeshatupwa. Ningeishi maisha yangu yote nikijua kwamba nilimuua mtoto wa mdogo wangu. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Uongo wa kwenye benchi ningeusamehe, nimeusamehe kwa akina mama wangapi?

Tulisalimiana kwa simu miezi kadhaa, salamu kavu. Krismasi mama akasema kama sitakwenda, naye hatapika. Nikaenda. Mtoto alikuja mbio kunipokea mpaka barabarani, ngiri ikiwa habari ya zamani, akachukua mfuko wangu akaning'ang'ania. Tulikaa uani, mama anachambua mchele, mdogo wangu yuko kwenye sufuria ya kuku pale jikoni. Tukawa tunaongea mambo ya mvua na mahindi. Hakuna aliyegusa lile jambo, nami nilijitahidi, nilikuwa nimeapa njiani kwamba nitajitahidi.

Mtoto alikuwa ameegemea goti langu. Mara akajivuta pembeni, akainuka kwa haraka akaenda nyuma ya choo. Nilidhani amebanwa na haja. Kisha nikasikia. Alikuwa anakohoa huko, kikohozi cha kawaida cha mvua, amejiziba mdomo kwa mikono ili kisifike uani.

Nikamfuata. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia, "Kohoa tu, mwanangu. Kohoa hapa hapa, mama mkubwa hakufukuzi."

Kifua kilikuwa kinamtikisika na macho yamemjaa maji. Hakukohoa. Alichungulia kwanza juu ya bega langu, kule jikoni, amtazame mama yake.