Cheti Nyuma ya Kiti cha Dereva

Watoto walimwita Babu Taratibu, na wazazi wakalichukua jina hilo hilo. Alikuwa ameendesha mabasi ya shule kwa miaka kumi na tisa bila kukwaruza hata kioo cha pembeni. Kwenye matuta alipita kana kwamba amebeba trei za mayai, na waliokuwa nyuma yake walipiga honi mpaka wakachoka wenyewe. Yeye aliangalia mbele tu.

"Sisi tumebeba watoto wa watu," alimwambia matroni. "Hao wamebeba haraka zao."

Matroni alikuwa dada wa miaka ishirini na sita. Alikaa siti ya mlangoni na daftari la majina, akiwapandisha watoto, akiwashusha, na mwisho wa safari akipita kila kiti kuhakikisha hakuna aliyelala akasahauliwa. Alimwita dereva baba, naye aliitwa mwanangu. Kwa miaka minne walikuwa wamefanya kazi bila kupishana kauli.

Mwanzoni mwa mwaka yakaja masharti mapya kwa madereva wote wa mabasi ya shule. Babu Taratibu aliyasoma ubaoni ofisini, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Leseni ya kubeba abiria alikuwa nayo tangu zamani. Barua ya polisi ya kuthibitisha kwamba hana kosa aliifuata mwenyewe, akarudi na vidole vyeusi kwa wino. Kwa daktari wa macho alisoma herufi mpaka mstari wa mwisho, akatoka kifua mbele. Likabaki sharti moja: siku tatu za mafunzo ya huduma ya kwanza na usalama wa watoto, na mtihani siku ya mwisho.

Hilo ndilo lililomkera.

"Umri wangu huu," alimwambia mkewe, "nikapige magoti kumpulizia mdoli pumzi?"

"Nenda tu," mkewe akasema akikunja nguo. "Afadhali mdoli atapata bahati. Mimi siku hizi hata kusemeshwa sisemeshwi."

Akaenda. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na meza ndefu, na juu ya meza amelazwa mdoli wa mpira asiye na miguu. Mkufunzi alikuwa muuguzi mwenye sauti ya upole, na alianza kwa namna ya kunawa mikono, jambo lililomfanya Babu Taratibu apige mwayo mpaka machozi yakamtoka. Kabla ya mapumziko ya chai ikapitishwa karatasi ya mahudhurio. Ilikuwa na safu tatu, moja kwa kila siku. Dereva wa mbele yake akatia saini zote tatu kwa mpigo. Babu Taratibu akamtazama, akatazama huku na huku, naye akatia tatu. Wenzake walipokwenda kunywa chai, yeye alikwenda kama anayetafuta choo, akaelekea moja kwa moja nyumbani. Bati lake la jikoni lilikuwa limeachia misumari, na kesho yake alishinda juu ya paa.

Siku ya tatu mchana alirudi kufanya mtihani. Jirani yake alikuwa mtu mkarimu wa karatasi, hakufunika kitu. Babu Taratibu alinakili herufi za majibu bila hata kusoma maswali.

Vyeti vilipotoka, mkuu wa usafiri wa shule alivitia kwenye fremu na kuvitundika ndani ya mabasi, kila kimoja nyuma ya kiti cha dereva wake, ili mzazi akichungulia aone mwanawe yuko mikononi mwa nani. Wiki ya kwanza Babu Taratibu aliona haya kidogo kukipa mgongo kile cheti. Wiki ya pili akakizoea. Kufikia mwisho wa mwezi aliamini kabisa kwamba ni chake.

Ikafika Jumanne moja ya muhula wa pili, safari ya kurudisha watoto. Nyuma yake alikaa msichana wa miaka minane waliyemwita Kasuku, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta kimya. Siku hiyo alikuwa akisimulia habari ya paka wa jirani, na katikati ya sentensi akanyamaza. Kisha chombo chake cha chakula kikadondoka. Babu Taratibu alitupa jicho kwenye kioo, akaona kichwa cha mtoto kimelala nyuma na mikono inaruka.

Alisogeza gari kando, akawasha taa za hatari, akavuta breki ya mkono. Hayo alikuwa akiyajua. Alipogeuka, matroni alikuwa ameshamlaza Kasuku kwenye ujia, amemwekea sweta chini ya kichwa na kuwasogeza wenzake.

"Baba, tumlaze ubavu tu na tusubiri," alisema. "Nimeshaangalia saa."

Lakini Babu Taratibu aliona taya zimekazana na povu pembeni mwa mdomo, na kilichomjia kichwani ni maneno aliyoyasikia utotoni, kwamba mtu wa hivyo humeza ulimi wake akafa. Akaokota kijiko cha chuma kilichotoka kwenye chombo cha mtoto.

"Baba, usimtie kitu mdomoni." Matroni alimshika mkono. "Kaka yangu ana kifafa. Hospitali walitukataza kabisa."

"Nani mwenye cheti hapa, mimi au wewe?"

Alisema mbele ya watoto wote, na kidole gumba akakielekeza kwenye fremu. Matroni akauachia mkono wake.

Akakisukuma kile kijiko. Kikagoma, akakaza. Ukasikika mlio mdogo, kama njiti ya kiberiti ikivunjika, kisha mwingine. Damu ikatoka. Baada ya muda usiofika dakika mtoto akalegea mwenyewe, akaanza kupumua kwa nguvu kama aliyelala. Meno mawili ya mbele, yale mapya yaliyoota mwaka uliotangulia, yalikuwa yamekatika nusu.

Babu Taratibu aliliendesha basi hadi hospitali kwa mwendo ambao hakuna mtoto aliyewahi kuuona kwake. Daktari alimpima Kasuku, akasema hali yake ni nzuri, atafanyiwa vipimo na kupewa dawa. Kisha akamfunua mdomo.

"Na haya meno je?"

Matroni alikuwa amesimama palepale. Babu Taratibu akawahi. "Alijigonga kwenye chuma cha kiti alipoanguka."

Matroni alimtazama, kisha akatazama sakafu. Kijiko kilikuwa ndani ya mfuko wa shati la dereva, na alikihisi kifuani kila alipovuta pumzi.

Mama wa mtoto alikuwa fundi cherehani. Alifika akikimbia, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alipomwona mwanawe anaongea, alimgeukia Babu Taratibu akamshika mikono yote miwili mbele ya wagonjwa na wauguzi.

"Baba yangu, Mungu akuzidishie. Bila wewe leo ningekuwa nalia kilio kingine."

"Ni kazi yetu, mama," alijibu. 

Ijumaa yake mkuu wa usafiri alimwita mbele ya shule nzima. Alisema haya ndiyo matunda ya mafunzo, kwamba dereva aliyefunzwa si mwenzake na dereva wa kubahatisha. Watoto walipiga makofi, na walimu pia. Babu Taratibu alisimama pale, kofia mkononi, akitamani ardhi ipasuke immeze. Aliwatafuta matroni kwa macho, akawaona wamepanga mstari ukutani. Matroni wake alikuwa akipiga makofi polepole na wenzake.

Yangeishia hapo, pengine angelimeza likateremka. Hayakuishia hapo. Jumatatu alikuta fundi ndani ya basi lake akifunga sponji kwenye vyuma vyote vya viti na kuizungushia utepe mweusi. Mabasi matano, siku mbili za kazi, kwa sababu ya chuma ambacho hakikumgusa mtu. Mkuu wa usafiri alibonyeza sponji kwa kidole, akaridhika. "Bora tumejua tatizo liko wapi," akasema.

Kasuku alirudi baada ya wiki. Alikaa dirishani, mbali na vyuma, kama mama yake alivyoagiza. Hakusimulia kitu. Wenzake wakicheka, yeye alijifunika mdomo kwa kiganja kwanza, kisha mabega ndiyo yakacheka. Siku ya tatu Babu Taratibu akashindwa kuvumilia.

"Kasuku wangu, leo hakuna habari za paka?"

Msichana alijibu nyuma ya kiganja. "Samahani babu. Nilianguka vibaya nikakutia taabu. Mama amesema nikae nimetulia."

Jioni hiyo Babu Taratibu alipitiliza kituo kimoja, na watoto wakampigia kelele kumrudisha. Katika miaka kumi na tisa halikuwa limemtokea.

Walipofika uwanja wa mabasi, matroni alianza kupita viti kama kawaida, akiinama kutazama chini ya kila kimoja.

"Mwanangu," alimwita, "umenikalia kimya sana."

"Nimekaa kimya kwa sababu wewe ulikaa kimya, baba. Ningesema, wangeniona nakuonea wivu. Wewe ndiye mwenye cheti."

"Nilikudharau."

"Ulinidharau, ndiyo." Hakuacha kuinama. "Na mbele ya watoto. Tangu siku ile nikiwaambia wakae, wengine wananiuliza kama dereva ameruhusu."

 Babu Taratibu akashuka, akaegemea tairi mpaka matroni alipomaliza.

Kesho yake, baada ya safari ya asubuhi, alikwenda dukani kwa fundi cherehani. Alikataa kiti. Alisimama mlangoni akaeleza yote, kuanzia karatasi ya mahudhurio hadi uongo aliomwambia daktari. Mwanzoni yule mama aliendelea kukanyaga cherehani. Kisha mguu ukasimama.

"Kijiko kiko wapi?"

Akakitoa mfukoni, kimefungwa ndani ya leso. Mama alikigeuza, akakitambua.

"Nilimgombeza kwa kukipoteza," alisema. "Ana bandeji mdomoni, nami namgombeza kuhusu kijiko."

"Nisamehe, mama."

"Nilikushika mikono mbele za watu."

"Ndiyo, mama."

"Toka, baba. Tafadhali toka, nisije nikasema neno la kunivunjia heshima mimi mwenyewe."

Alitoka. Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa usafiri, na huko ilikuwa rahisi zaidi, kwa kuwa mkuu alipiga meza na kufoka, na mtu akifokewa hupata angalau mahali pa kujificha. Cheti kilishushwa. Babu Taratibu aliandika maelezo kurasa mbili, akasimamishwa kuendesha. Muhula mzima alikaa uwanjani na ndoo na brashi, akiosha mabasi ambayo wengine waliyaendesha. Uchunguzi uligundua kwamba saini za kuruka siku hazikuwa zake peke yake, na madereva karibu wote wakaamriwa kurudia mafunzo. Baadhi yao waliacha kumsalimu. Walimbadilisha jina wakamwita Kijiko, na aliitikia.

Nyumbani, mkewe alisikia habari kwa watu kabla ya kuisikia kwake. Hakumlaumu. Alimwandalia chai, akakaa naye, akasema tu, "Siku ile ulipokuwa juu ya bati nilikuuliza, leo hakuna mafunzo? Ukaniambia hakuna." Babu Taratibu hakukumbuka hata kuulizwa. Uongo ule ulikuwa umemtoka bila jasho.

Mafunzo ya pili yalikuwa ukumbi uleule, muuguzi yuleyule. Alikaa kiti cha mbele. Somo la degedege na kifafa lilikuja siku ya pili, saa nne asubuhi.

"Ulimi haumezwi," muuguzi alisema. "Usimshikilie, usimtie kitu mdomoni. Mlinde kichwa, mlaze ubavu, angalia saa. Ikipita dakika tano, hospitali." Ilimchukua kama nusu dakika kuyasema. Kisha akauliza kama kuna aliyewahi kukutana na hali hiyo kazini.

Babu Taratibu alinyoosha mkono. Alisimama akasimulia, na hakujipunguzia. Alipofika kwenye maneno aliyomwambia matroni, aliyasema chinichini, akalazimika kuyarudia kwa sababu wa nyuma hawakusikia. Alidhani akishasema atajisikia mwepesi. Alikaa chini akajiona uchi.

Kwenye mtihani alifeli kwa alama mbili. Akasoma tena, mkewe akimuuliza maswali huku anapika, na mara ya pili akafaulu.

Shule iliwauliza wazazi kabla ya kumrudisha barabarani. Wengi walikubali, wengine wakawahamishia watoto wao mabasi mengine, na hakuna aliyemlaumu mzazi yeyote kwa hilo. Matroni aliulizwa kama yuko tayari kufanya naye kazi. Alisema yuko tayari, kwa sharti kwamba mtoto akiugua ndani ya basi, neno lake liwe la mwisho. Babu Taratibu aliwatangazia watoto sharti hilo mwenyewe, amesimama kwenye ujia, na akawaambia kwamba siku ile dada alikuwa sahihi na yeye alikuwa amekosea. Watoto walimtazama kama wanavyotazama mtu mzima anapolia.

Muuguzi humwita kila linapokuja kundi jipya la madereva, aje kusimulia. Ameshakwenda mara nne, na mara zote nne amerudi nyumbani bila hamu ya kula.

Kasuku alijengwa meno na daktari, huwezi kujua usipoambiwa. Siku hizi anapanda basi namba mbili na dawa zimemtuliza. Mama yake huja getini kumchukua, na akikutana na Babu Taratibu humwamkia shikamoo, kwa kuwa ni mkubwa kwake, kisha hupita. Yeye huitikia marahaba akiwa ameinamisha kichwa, na neno hilo humtoka kwa shida, kama mtu anayepokea kitu kisicho chake.