Kikombe cha Marehemu

Mwaka wa 1948 Nuruddin, mwanafunzi wa udaktari, alirudi Mji wa Kale kutoka Bombay achague mada ya tasnifu yake juu ya maradhi ya tumbo. Mwezi ukaisha, daftari jeupe.

Kila adhuhuri mamake, Bi Khatoon, alimletea maji ya ukwaju katika kikombe cha shaba kilichoachwa na babu yake Nuruddin. Babake alikinywea, kisha Adamji, kaka yake Nuruddin. Wote wawili walikufa kwa maumivu ya tumbo yasiyojulikana asili. Ukingo wa kikombe ulikuwa umelika mahali pamoja, na midomo ya Nuruddin iliingia papo hapo sawasawa.

Siku moja alikunywa dirishani, akamaliza, akachungulia ndani. Bati lililopakwa ndani kuikinga shaba lote limebanduka, shaba imeota kutu ya kijani. Daktari mzima huyo, na ajua fika kwamba ukwaju hula shaba ukawa sumu!

“Mama, hiki hakitiwi bati?”

“Tangu afe babuyo. Babako alikataa fundi asije akafuta alama ya midomo ya mzee.”

Nuruddin akafungua daftari, akaandika mada yake. Tumbo likamkata.

Mamake alikitazama kikombe kitupu kwa mapenzi.

“Babako na kakako nao walikuwa hawabakishi,” alisema.