Jina la Ukoo la Meneja Wetu

Meneja wetu wa mkahawa pale Jumeirah Village Circle, huku Uarabuni, alikuwa Mwalbania, na jina la ukoo wake lilimeta kwenye beji kifuani kuliko jina la mkahawa wenyewe. Alituambia sisi wahudumu, Wakenya na Waganda, kwamba maana yake ni shujaa wa milimani, na kwamba kila mwenye jina hilo duniani ni damu moja. Tulijibu, "Ndiyo, sir," tukaendelea kupanga vijiko.

Ijumaa moja mteja wetu wa siku nyingi, tajiri wa Kituruki, alisoma ile beji akacheka mpaka akakohoa. Alisema neno hilo ni la kwao, la enzi walipoitawala Albania, na maana yake ni mtengeneza ngozi, yule anayeloweka ngozi mbichi kwenye mavi ya mbwa ili zilainike. Meneja alitabasamu kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Tangu hapo Mturuki akawa anapewa meza ya karibu na choo.

Malipo ni hapa hapa duniani. Mwaka uliofuata meneja alimpenda Mwalbania mwenzake, mpokea wageni wa kliniki ya meno jirani, mwenye jina lile lile. Wakataka kuoana. Baba wa binti akakataa kwa simu kutoka kwao: kwa desturi yao, wa jina moja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Khalas.

Mimi nilimwelewa baba yule. Mimi ni Mluhya. Kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani hata wakutane mwezini. Nilimwacha mwanamume Kakamega kwa sababu hiyo hiyo, nikaja huku kugawana chumba mtaa wa Naif na wanawake wanaokoroma.

Basi meneja akamhamishia Mturuki dirishani, akampa kahawa ya bure, akamwekea simu mbele ya uso.

"Mwambie baba mkwe," alimsihi, "sisi ni watengeneza ngozi tu, na kila mji ulikuwa na wake."

Mturuki akaeleza yote, na mavi ya mbwa ndani yake. Shujaa wa milimani akatafsiri kwa Kialbania, kwa sauti, bila kuruka neno, wateja wakaweka uma chini. Baba mkwe akaridhia: wenye kazi moja si lazima wawe ndugu.

Tulipiga makofi. Nilipiga kuliko wote, kwa wivu. Mimi sina Mturuki wa kuniokoa. Ukoo wetu umetoka kwa mzee mmoja, kaburi lake linajulikana, na yule mwanamume wa Kakamega hulipalilia kila Desemba.