Gogo la Mzee Masalu

Usiponiamini sitakulaumu. Ningesimuliwa na mwingine, mimi mwenyewe ningecheka. Lakini haya hayakunifikia kilabuni kwenye pombe, yalinipata mimi hapo kivukoni Busisi, saa nane mchana, jua linachoma. Nani alikwambia marehemu hutembea usiku tu?

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, magari ya mitumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika Mwanza. Nilikuwa nimeendesha malori ya pamba tangu ujana, hadi tulipopunguzwa kazini, nikanunua kigari cheupe cha otomatiki nifanye teksi. Kilikuwa na tabia yake: ukisimama injini inajizima, ukikanyaga mafuta inawaka. Fundi wangu wa Kiseke alikichungulia wee, akasema Wajapani hao wanabana mafuta. "Ila angalia," akaniambia, "betri ikichoka itajiwasha yenyewe." Nani alimsikiliza? Nilikuwa najisifu mtaa mzima kwamba gari langu lina akili.

Siku hiyo nilikuwa namtoa Sengerema mdogo wangu Kabula. Mimba ilikuwa imetimia, mtoto amekaa vibaya, daktari kaagiza awahishwe Mwanza akapasuliwe. Roho mbili, na zote kwenye kiti changu cha nyuma.

Pantoni ilikuwa ng'ambo, Kigongo. Tulikuwa wa kwanza kwenye foleni, pua ya gari imeelekea majini. Injini ikajizima. Desturi ya kivuko ni abiria wote kushuka, lakini Kabula hata kukaa wima alikuwa hawezi. Nikamwacha ndani, na ufunguo nikauacha ili feni impulizie.

Sasa sikia ujinga wangu. Kwenye malori yetu breki ya mkono ilikuwa imekufa siku nyingi. Ukiegesha mteremkoni unazima, unatia gia, gari linashikwa na gia. Basi na mimi nikaacha mkono wa gia kwenye D, ile ya kwendea, nikaona nimetia gia. Breki ya mkono niliivuta nusu tu. Hiyo P ya kuegeshea sikuwahi hata kuuliza kazi yake.

Niliposhuka nikakuta mzee amesimama karibu na tairi la mbele, amekumbatia gogo. Alikuwa amelowa chapachapa, na mvua hatukuwa tumeiona wiki nzima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Hili gari umelizima?"

"Limezima, mzee."

"Sikuuliza hivyo," akasema taratibu. "Nauliza kama wewe umelizima. Niruhusu nikuwekee gogo."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mbele ya mtu mzima. "Mzee, mimi ni dereva wa malori. Liko kwenye gia hilo."

"Hata yule aliniambia hivyo."

Hakuonekana kukasirika, alionekana mtu aliyechoka tu. Nikamwacha hapo, nikaenda dirishani kukata tiketi.

Sijapokea hata tiketi, nikasikia injini inawaka; feni ilikuwa imeichosha betri. Halafu Kabula akapiga yowe. Gari halina dereva, linajisukuma kwenda ziwani! Nilikimbia huku namwita mama yetu aliyekwisha kufa. Nilipofika nikakuta tairi limegota kwenye gogo, gari linatetemeka, linataka kupanda. Nikaingiza mkono dirishani, nikazungusha ufunguo, nikalizima.

Nikainama kutafuta wa kumshukuru. Chini ya tairi kulikuwa na gogo peke yake, limezongwa na mizizi ya magugu maji.

Mama mmoja muuza samaki alikuja akalitazama, akaweka beseni lake chini.

"Alikuomba ruhusa?"

"Aliniomba."

"Ukasemaje?"

"Nilicheka, mama."

"Huyo ni Mzee Masalu. Kazi yake ilikuwa kuwekea magari magogo hapa. Dereva mmoja akamkatalia, eti gari limezima. Likaondoka na watoto ndani. Mzee akakimbia mbele yake na gogo lake. Watoto walipona. Yeye tulimwopoa kesho yake, lakini gogo hatukulipata."

Kabula alijifungua salama siku ile ile, na mtoto tukamwita Masalu. Sasa ni mwanaume mzima, ana gari jipya linalojizima kila akisimama, naye ananicheka ninapomkumbusha: tia P, vuta breki ya mkono mpaka mwisho, zima kwa mkono wako, ondoka na ufunguo. Ukimya wa injini usikudanganye, ewe unayenisikiliza.

Gogo ninalo nyumbani. Nimelianika juani miaka yote hii, halijakauka hata siku moja.

Siku hizi watu wanapita juu darajani, na huko chini sijui mzee anamngoja nani. Ukishuka hapo, akakuomba kukuwekea gogo, mkubalie. Mimi nilipata nafasi ya kumwambia ndiyo, nikamcheka, na yeye akaliweka vilevile.