Shikamoo ya Mama Mkwe

Wewe, mama mkwe wako amewahi kukupa shikamoo? Kama hajawahi, shukuru Mungu, kisha umhurumie Twaha wa Abu Hamour, kule Doha, kwa maana yeye alipewa, tena akaipokea.

Twaha alikuwa dereva, mtu wa Tanga, mrefu, mpole kupita kiasi. Mwaka ule wa 2014 alikuwa akipeleka watu na vyakula jangwani nje ya Doha, mahali palipojengwa mji mzima wa filamu ya majoka na wachawi. Kulikuwa na kasri la mbao lililopakwa rangi ya mawe, mto usio na maji, na joka la mpira lililotaka wanaume kadhaa ndani yake ili lipige mbawa. Wanaume hao, watu wazima wenye wake na watoto makwao, walishinda ndani ya joto lile huku mwongozaji akikaa chini ya mwavuli na kulalamika kwamba joka halina hasira. Hasira ilikuwepo. Ilikuwa tumboni.

Ijumaa moja wafanyakazi wakaruhusiwa kuleta familia. Twaha akaona hiyo ndiyo nafasi ya kumlainisha Bi Mwanaidi, mama wa mkewe Sabra. Bi Mwanaidi alikuwa ametua Doha wiki ile kwa jambo moja tu: kumchukua Sabra, ambaye alikuwa na mimba kubwa, akajifungulie Tanga. Kwao mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mke, basi.

Twaha hakutaka. Doha imejaa akina baba wanaowalea watoto wao kwa simu, "mwanangu, sogea kwenye mwanga nikuone," na mtoto anauliza, "Mama, huyu nani?" Aliapa hatakuwa mmoja wao. Ila aliapa kimoyomoyo. Kila Bi Mwanaidi aliposema, "Namchukua mwanangu," Twaha aliinamisha macho kwenye zulia akajibu, "Sawa, mama." Kwa heshima ya ukwe, tangu mama yule afike hawakuwahi kutazamana usoni sawasawa.

Ijumaa hiyo akawashusha mama na binti, wakaenda kulitazama joka. Hata gari hajalifunga, akadakwa mkono na msaidizi wa mwongozaji. Mtu aliyepangwa kuwa babu wa mfalme, babu asiyesema neno, alikuwa ameanguka kwa jua, na joho lake halimwenei mtu mwingine ila mrefu. Mara Twaha akabandikwa ndevu nyeupe mpaka kifuani, nyusi kama fagio, makunyanzi ya gundi usoni, na taji. Akakalishwa kwenye kiti cha enzi kivulini, angoje zamu yake.

Kiprono, mlinzi wa lango, Mkenya, alipomwona alishika ukuta asianguke.

"Buda, hizo ndevu zimekuongezea miaka hamsini! Sasa ukikufa hapa, tukuzike kama dereva ama kama mfalme?"

"Nyamaza wewe. Mama mkwe wangu anazunguka humu."

"Si ndio huyo anakuja?"

Kweli, Bi Mwanaidi alikuwa anakuja peke yake, amemwacha Sabra msalani, anatafuta pa kupumzisha miguu. Akamwona mzee mweusi mwenye mvi tele ameketi kwa utulivu. Akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Mtu aliyelelewa Tanga, ulimi wake haungoji ruhusa ya akili.

"Marahaba!" akaitikia Twaha.

Kiprono akageukia ukuta, mabega yakamtikisika.

"Alaa! Kumbe Mswahili mwenzetu!" Bi Mwanaidi akavuta kigoda, akakaa, akashusha pumzi. "Afadhali. Huku nilikuwa sina mtu mzima wa kusema naye. Mzee wangu, nina mkwe."

"Ehe," akakoroma Twaha, jasho likimchuruzika chini ya taji.

"Kijana mzuri, simsingizii. Anaswali, hanywi, mwanangu anamtunza. Lakini hana neno! Namwambia namchukua mkeo, 'sawa, mama.' Ningemwambia nang'oa na meno yako, angesema 'sawa, mama.' Mimi marehemu mume wangu alimzuia mama yangu mlangoni, akamwambia, huyu hatoki. Mama alinuna, lakini usiku alilala usingizi, alijua bintiye yuko na mtu. Huyu wangu, mwanangu akishikwa na uchungu saa mbaya, naye atauambia uchungu 'sawa, mama'? Ndiyo maana namchukua. Au nakosea, mzee?"

Twaha angeweza kukoroma kizee, "Mwache binti na mumewe," na mambo yakaisha. Taji lilikuwepo, ndevu zilikuwepo, na maneno ya mzee hayabishiwi. Lakini akaona haya. Watu tunaziheshimu ndevu hata zikiwa za gundi, na kijana anayesema kweli kwa uso wake mwenyewe tunamwita mtovu wa adabu. Akainua macho, akamtazama mkwewe usoni.

"Mama," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "simtoi mke wangu. Atazaa hapa, na mimi nikiwepo."

Bi Mwanaidi akakodoa macho. Gundi ilikwisha kulowa jasho. Upande mmoja wa ndevu ukaachia, ukaning'inia kama mkia wa paka.

"Twaha?"

Twaha akaporomoka kutoka kwenye kiti cha enzi, taji likabingirika. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba! Na ile yangu nirudishie!"

"Mama, nitairudishaje?"

"Utajua mwenyewe! Umeipokea kwa mdomo mpana, marahaba, kama mtu aliyenizaa!" Akajifunika uso kwa mtandio. Kama alikuwa analia au anacheka, hata Kiprono hakuweza kusema.

Njiani kurudi Sabra alimwuliza mama yake kulikoni, akajibiwa kwamba joka limemchosha. Usiku Twaha alijigeuza kitandani mpaka mkewe akamfukuzia kwenye kochi.

Asubuhi aliamshwa na kelele ngazini. Akafungua mlango, akachungulia. Wachukuzi wawili wa Kinepali, kutoka duka la fanicha za mitumba, walikuwa wanahangaika na kitanda cha mtoto, kizito, cha mbao, chenye vizuizi pande zote. Bi Mwanaidi alikuwa mbele yao, kaniki kiunoni, akiwaelekeza kwa Kiswahili kitupu nao wakiitikia kwa Kinepali. Walipofika mlangoni kitanda kikakataa kuingia. Wakakilaza, wakakisimamisha, wakakwama. Mmoja akaonyesha kwa mkono kwamba labda wakirudishe.

"Hakirudi kitu hapa," akasema Bi Mwanaidi, akagonga bawaba kwa kidole. "Ng'oeni mlango."

Mchukuzi akatoa bisibisi mfukoni.