Betri ya drone ilichomoka hewani Kuresoi, blada ya boda ikaokoa harusi

Wakuu, niaje. Kaeni kidogo niwape hii. Sitaongeza chumvi, vile ilivyokuwa ilinitosha.

Mimi ni firstborn. Naishi Lanet na wadogo wangu wawili, Nekesa na Wafula. Wazazi walipotuacha nilitoka shule mapema nikashika nyumba. Siku hizi nyumba hiyo inasimama juu ya drone moja ya mtumba, ambayo napigia video za harusi.

Ikivunjika, hakuna ya pili. Muiweke hiyo akilini.

Juzi nikapata harusi Kuresoi. Asubuhi huko ni baridi, na betri ya drone ikipata baridi inaisha haraka. Nekesa anafuma masweta, kwa hivyo alikuwa amenifumia kamfuko ka sufu nyekundu, nibebe betri ndani yake chini ya jaketi. Ilifika moto kama chapati. Nikajiona nimeendelea.

Nikaichomeka. Ikalia "tak".

Wenye wanajua washaanza kucheka. Betri ya hii drone ina vishikio viwili, kimoja kila upande. Inafaa usikie tak mbili.

Bahati nzuri niko na tabia moja siachi: kabla ya kupita juu ya watu, naipandisha kwanza kimo cha mtu, juu ya mahali laini. Hapo kulikuwa na shamba la viazi. Ikapanda poa. Nikaigeuza, upepo ukaisukuma, betri ikachomoka.

Screen giza. Drone puu, katikati ya matuta.

Mama ya bibi harusi alikuwa kwa sufuria ya chai. "Wewe msichana! Hiyo ndege yako imekuja harusi ama imekuja kuchimba viazi?"

Wamama wote kicheko. Mimi sikuwa naona drone pale chini, nilikuwa naona sahani tupu za kwetu.

Nikaiokota. Udongo ulikuwa umelimwa vizuri, propela moja tu ndiyo ilipasuka, na spea nilikuwa nayo. Ndipo nikaona sufu nyekundu imejisokota ndani ya kishikio kimoja. Hakikuwa kimefunga kabisa.

Nikaitoa na pini ya nywele, nikarudisha betri. Tak, tak. Lakini moyo ulikataa kutulia.

Jamaa wa boda aliyenileta akatoa blada, ule mpira wa tube wa kufungia mizigo. "Sister, gunia ya viazi inatoka hapa mpaka Molo na haya mashimo yote, na haianguki. Haka kabetri ndio katatushinda?"

Akaifunga kama gunia kweli. Drone ikakataa kupaa, kumbe ameziba sensor za chini.

"Punguza upana, boss."

Akakata kipande chembamba, tukakipitisha mbali na sensor, propela na matundu ya hewa. Nikavuta betri kwa mkono. Nikatikisa. Haikusonga. Nikaipandisha tena juu ya viazi, kushoto, kulia, mpaka nikaridhika.

Honi zikasikika, magari ya bwana harusi yanapanda mlima. Nikairusha.

Video ilitoka safi. Mathe wa chai yuko mbele ya kila mtu, anacheza na mwiko mkononi. Alipoiona akauliza, "Hilo shimo kwa tuta langu ni wewe?"

"Ni mimi, mathe."

"Usilitoe kwa video. Liache hapo."

Nyumbani nikampa Nekesa ile sufu. Alichukua mwavuli uliovunjika, akakata kitambaa chake, akakishonea ndani ya kamfuko. Sasa betri inateleza ikitoka, safi.

Nilichojifunza: sikiza tak mbili, kisha vuta kwa mkono, kisha jaribu chini kabla ya kwenda juu. Blada ni ya kusaidia kishikio, si ya kukibadilisha. Na betri ikifura usiifunge na chochote, iache.

Drone iko hapa mezani saa hii, Wafula anaifuta udongo wa Kuresoi.

Nyinyi mnafunga zenu na nini? Na kama kuna mwenye imewahi kumwangukia, aseme, hapa hatuchekani sana.