Asubuhi Serikali Ilipoanguka Louisville

Asubuhi ile ya Jumatano, Novemba 2014, nilimkuta mama jikoni amevaa suruali ya jinzi chini ya kitenge, na viatu vya kamba miguuni. Bafu la kuogea alikuwa amelijaza maji mpaka ukingoni.

"Mama, tunaenda wapi?"

"Serikali imeanguka," akasema. "Bon, kunywa chai haraka."

Alikuwa amesikiliza redio ya Kiswahili kwenye simu: chama cha rais kimeangushwa bungeni. Kwetu Kivu, mashariki ya Kongo, neno hilo halina maana mbili. Mkubwa akianguka, watu wake wanaanguka naye, mabomba yanakauka, barabara zinafungwa. Nikafungua pazia. Nje, hapa kwetu mtaa wa Iroquois, basi la shule lilikuwa linapakia watoto, na jirani anapuliza majani makavu kwa ile mashine yake ya makelele. Nikacheka. Mama hakucheka.

"Na rais amekimbilia wapi?"

"Yuko kwake, mama."

"Kwake wapi, kama wamemwangusha?"

Shule yangu iliishia kambini, na Marekani niliijua kwa upande wa ghala tu, kupanga maboksi. Lakini niliona anaichungulia tena kalenda ukutani, pale alipoizungushia Ijumaa kalamu, nikaelewa. Mdogo wake, mama yangu mdogo, baada ya miaka mingi kambini Burundi, alikuwa atue Buffalo, jimbo la New York, Ijumaa. Kama serikali iliyomwita haipo tena, nani atamfungulia mlango?

Alhamisi tukaondoka kwa gari. Mama alisema kama uwanja wa ndege utafungwa, basi waufunge yeye akiwa amesimama pale pale. Njiani tulilala Hilliard, pembeni ya Columbus, kwa mjomba, kaka yake mkubwa. Mjomba alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa uraia, kwa hiyo siku hizo kila kitu kwake kilikuwa swali na jibu.

"Wee dada, matawi ya serikali ni mangapi?"

"Yaya, usinichezee. Mdogo wetu anakuja au haji?" Yaya ndivyo tunavyomwita kaka au dada mkubwa, hata tukiwa tumemkasirikia.

"Anakuja! Rais hajaanguka. Ni bunge limeenda kwa wapinzani. Chumba kimoja cha bunge walikuwa nacho, sasa wana vyote viwili. Yeye anabaki mpaka muhula wake uishe. Shida yake ni sheria. Akitaka yake ipite, wanaikataa. Wao wakipitisha yao, hatii saini."

"Donc, kwa hiyo watu wazima wanalipwa kwa kuzuiana?"

"Ndiyo hivyo."

"Na wakimbizi?"

"Idadi yao anaipanga rais mwenyewe, bunge anashauriana nalo tu. Ya mwaka huu imeshapangwa."

Mama akaketi. Tangu Jumatano sikuwa nimemwona ameegemea kiti.

"Na ule mshahara wa chini wa kisheria, rais si alisema anataka upande?" nikauliza. Nilikuwa nimeshauota, mpaka na rangi ya gari nitakalonunua.

"Huo usahau kwanza, mwanangu. Huo unapitia bungeni."

Niliumia kidogo, sikatai. Lakini nikamwona mama anaongeza ugali kwenye sahani yake, nikawasamehe wabunge wote kwa mpigo.

Ijumaa alasiri mama mdogo akatokea mlangoni pa uwanja wa ndege, mwembamba, ndani ya koti kubwa la kupewa. Yeye na mama walishikana wasiachiane. Watu wakawa wanawapita kushoto na kulia, mimi nikajifanya natafuta mizigo ili nilie vizuri.

Nyumba aliyopangiwa ilikuwa karibu na Grant Street. Tukanunua hapo unga wa muhogo na samaki, mama akashika jiko. Mama mdogo alisimama dirishani, anachungulia barabara.

"Yaya, huku ni nani anatawala?"

"Wawili," mama akajibu, anageuza samaki. "Na hawapatani."

Mama mdogo akarudi nyuma hatua moja. "Tukimbie?"

"Ah, hapana! Huku wasipopatana, watu wanaenda kazini. Vua koti, samaki ameiva."